Je, Shamba la Kale Lionyeshwe? Mjadala wa Kata ya Mountain View

Miongoni mwa mambo yanayostahili kuamuliwa na wakazi wa magharibi ya Nairobi, kabla kipande cha mwisho cha udongo mwekundu hakijafunikwa na saruji, ni hili: je, yafaa litengwe shamba dogo katika kata ya Mountain View, au kwa jirani zake wa Kangemi, Loresho na Kabete, ambamo ukulima wa wazee wetu utaonyeshwa kwa vitendo, watu wakilima kwa zana za zamani, wakipanda mbegu za zamani, wakipura, wakitwanga na kuweka akiba ghalani mbele ya macho ya watoto wa shule, badala ya watoto hao kuonyeshwa picha zilizotundikwa ukutani na vibuyu vilivyofungiwa ndani ya makabati ya vioo? Hoja yenyewe si ngeni duniani. Tangu 1891, Artur Hazelius alipofungua Skansen mjini Stockholm na kuhamishia huko nyumba za wakulima wa Uswidi, mataifa mengi yameiga mfano wake, na sisi wa Afrika Mashariki tunacho Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa katika miaka ya 1960, na Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971 kule Lang'ata, ambayo kizazi hiki, ole wetu, kinaijua zaidi kwa kuhesabiwa kura kuliko kwa ngoma na nyumba za makabila.

Wasemaji wanne wafuatao nimewatunga mwenyewe kutokana na maneno yasemwayo pande hizi kila siku, ndiyo maana sikuwapa majina: Mwalimu, mwanamke anayesomesha historia katika shule ya sekondari, Mzee, aliyekuwa bwana shamba wa serikali mpaka akastaafu, Mama, anayelima na kuuza nduma Kangemi, na Bwana, mzaliwa wa Unguja, mfanyabiashara wa viungo aliyelowea Westlands.

MWALIMU. Naanza na barabara iliyo mlangoni petu. Kila asubuhi wanafunzi wangu hupita Waiyaki Way, na nikiwauliza Waiyaki wa Hinga alikuwa nani, wachache wao hunijibu kwamba alipambana na watu wa Kampuni ya Kiingereza, akakamatwa, akafia Kibwezi mwaka wa 1892 akipelekwa pwani hali ya kuwa mfungwa. Wala hakuna hata mmoja ajuaye kwamba sehemu kubwa ya ugomvi ule ilitokana na chakula. Misafara ilikuwa ikifika Dagoretti na Kabete na njaa tele, ikinunua viazi, maharagwe, nafaka na ndizi kutoka kwa wenyeji, hata askari wa ngome ya Kampuni hiyo walipoona kununua ni kazi wakaanza kunyang'anya. Nchi iliyoweza kulisha mamia ya wapagazi haikuwa pori, bali ilikuwa nchi ya wakulima stadi, na ustadi wenyewe haumkai mtoto akilini kwa kuusoma. Maadamu hajashika muo wa kuchimbia wala hajainua mchi, neno «kilimo cha asili» kwake ni jibu la mtihani tu.

MZEE. Mwalimu, mwanangu, nimekusikia, na sina ugomvi na Waiyaki. Hofu yangu ni kwamba maonyesho ya namna hiyo hupenda siku ya mavuno peke yake. Mwaka 1898 mvua ilikataa, sotoka ilikuwa imekwisha kufyeka ng'ombe, kisha ndui ikaingia. Kiambu na Kabete zikafiwa na watu wasio na idadi, wengine wakakimbilia kwa jamaa zao kaskazini, na walowezi walipokuja wakakuta magugu juu ya makonde wakadai kwamba ardhi haina mwenyewe. Je, katika shamba lako nani atakayeigiza njaa ile? Utaajiri vijana wavae ngozi, watwange kidogo, wapigwe picha, kisha wavae suruali zao wapande matatu warudi makwao. Na mtoto atakwenda zake akiamini kwamba babu zake waliishi katika sikukuu isiyokwisha. Ikiwa ni urithi unaoutaka, wapeleke watoto hapo jirani, kwenye maabara ya Kabete, jengo lililokusudiwa kwanza kuwa mahali pa kupumzikia wagonjwa, likapewa jina la Daktari Scott wa misheni ya Waskoti, kisha likageuzwa kuwa maabara ya kilimo. Humo ndimo ilimochaguliwa, katika miaka ya 1930, mibuni ya SL28 na SL34, ambayo wanunuzi wa kahawa ng'ambo huilipia bei ya juu hata leo. Na hiyo SL34 ilitokana na mti mmoja uliosimama katika shamba la Loresho, hapo hapo ambapo leo pana kuta za mawe na mageti ya umeme. Huo ndio urithi ulio hai, kwa sababu ungali unaleta fedha.

MAMA. Mzee, SL34 naijua, nimeichuma tangu nikiwa msichana, debe kwa debe, na sikupata kuila. Wewe wazungumza juu ya kilichouzwa, ilhali Mwalimu auliza juu ya kilichotulisha. Kwetu Kiambu mwaka ulikuwa na mvua mbili, ile ya masika iliyokuwa ya njahi, zao letu la jamii ya kunde, na ile ya vuli iliyokuwa ya mawele, na kila mwanamke aliyeolewa alikuwa na ghala lake, lililosukwa kwa fito, likainuliwa juu ya mawe ili unyevu na panya wasilifikie, na paa lake la nyasi likatengwa mbali na ukuta ili liweze kuinuliwa. Hakuna mwanamume aliyeingiza mkono humo. Mbegu hatukuzichanganya na chakula. Njahi nzuri ilichaguliwa moja moja, ile nyeusi tititi yenye mstari mweupe usiokatika, ikapakwa majivu ya kuni ili fukusi wasiitoboe, na mahindi ya mbegu yakafungwa kwa maganda yake yakatundikwa juu ya meko, moshi uyapitie mpaka mvua irudi. Sasa niambie, jambo hilo utalionyesha vipi kwa dakika kumi, Jumamosi, kwa watoto walioshuka basini na chupa za soda? Mimi sikatai shamba hilo. Nataka kujua nani atakayepalilia.

MZEE. Na nani atakayemlipa huyo mpaliliaji.

MAMA. Naam, na hilo. Maana wasemaji wa urithi hutuita kwenye sherehe zao, wakatupa leso na chai.

(Mwandishi aombe radhi kwa kuingilia kati: neno hili la Mama, ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka katika mikutano ya utamaduni, ndilo lililonifanya niutunge mjadala huu, maana aliye na elimu ya ghala ndiye asiyealikwa kulipanga.)

BWANA. Mama amenitoa neno kinywani. Kwetu Unguja tunayo maonyesho ya mashamba, na ni tijara kubwa. Mgeni hupelekwa Kizimbani au jirani yake, akamenyewa gome la mdalasini alinuse, akapasuliwa tunda la mzingifuri apake midomo, kisha kijana mmoja akajifunga kamba miguuni akapanda mnazi huku anaimba, akashuka na dafu, na mgeni akavishwa taji la makuti. Na haya yote ni ya kweli, wala vijana wale si waongo, maana wengi wao ni wana wa wakulima. Lakini karafuu ile ilipandwa na nani? Sayyid Said alipohamishia makao yake Unguja na kuwalazimisha wenye mashamba wapande mikarafuu, waliochimba mashimo, waliopalilia, waliochuma wakiwa juu ya ngazi na kuianika karafuu kwenye majamvi walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, na utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897. Nimeifuata misafara hiyo ya wageni mara nyingi kwa ajili ya biashara yangu, na mara nyingi nimesikia harufu zote zikitajwa isipokuwa jasho. Kwa hivyo, ndugu zangu, shamba la maonyesho laweza kuwa kumbukumbu, na laweza pia kuwa njia laini ya kusahau. Nalo husahau vizuri zaidi kadiri linavyopendeza.

MWALIMU. Nakubali, Bwana, na maneno yako yananipeleka mahali nilipokuwa nikipaogopa. Hapa Nairobi tunayo nyumba ya shamba iliyohifadhiwa kuliko zote, ile ya mlowezi Karen Blixen wa Denmark, iliyojengwa 1912 chini ya vilima vya Ngong, ambamo mwenyewe aliishi mpaka 1931 kahawa yake ilipofilisika, kwa kuwa mahali pale pana baridi kuzidi mbuni unavyopenda. Serikali ya Denmark iliitoa kuwa hidaya kwa Kenya huru, na tangu 1986 ni makumbusho. Mtu huonyeshwa chumba cha kulia, viti, vitabu, na nje bustanini mitambo mikuukuu ya kahawa. Mimi nawapeleka wanafunzi huko, wala sijutii. Ila wakiniuliza waliochuma walilala wapi, sina nyumba ya kuwaonyesha. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota wafanye kazi siku 180 kwa mwaka ili wapate kukaa juu ya ardhi ambayo wengine wao walizaliwa juu yake. Na kuanzia 1920 mwanamume alitembea na kipande, yaani hati ya utambulisho, katika kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Basi nasema, tulime mashamba mawili yakiangaliana, la ukoo upande huu na la mlowezi upande ule, katikati ugo, na mtoto avuke ugo huo kwa miguu yake.

MZEE. Na utamvisha kipande?

MWALIMU. Nitamwonyesha.

MZEE. Swali langu ni kama utamvisha. Maana ndiyo tofauti ya makumbusho na maonyesho ya vitendo: makumbusho huweka kitu mezani, na maonyesho hukivisha mtu. Baba yangu alikivaa. Siku alipokivua alikizika nyuma ya zizi, hakutaka tukione. Jembe mtoto alishike, mchi aushike, hata njaa mweleze; lakini kuna mambo ambayo hayafai kuigizwa na mtoto mwenye sare ya shule, akacheka na wenzake, akapigwa picha na simu. Katika hilo sitalegea.

Hapa palikuwa na kimya, na kwa maoni yangu Mzee alishinda kipengele hiki, ijapokuwa Mwalimu hakukiri. Kuna watu, hususan Marekani, wanaojivika nguo za zama za kale na kuishi mbele ya watazamaji kana kwamba ni wakulima wa karne zilizopita, na ustadi wao ni wa kusifiwa. Lakini hata huko wamejua kwamba kuigiza kazi ni jambo moja na kuigiza kudhalilishwa ni jambo jingine, na hili la pili humtaka mwigizaji mzima wa umri na akili, na hadhira iliyotayarishwa, si basi la watoto linaloingia saa nne na kutoka saa sita.

BWANA. Mzee, je, lile shamba la ukoo halina dhuluma yake? Wasiokuwa na ardhi, waliolima kwa hisani ya wenye ardhi, watakuwa wapi katika shamba la Mwalimu?

MZEE. Watakuwepo, inshallah. Hao tuliwaita ahoi, na baadhi yao leo ni matajiri kuliko wenyeji wao.

MAMA. Nyinyi mwabishana juu ya nyumba mbili, na mimi nawaambia hakuna hata moja. Mwajua kwa nini hamwoni boma la zamani lililosimama tangu Kangemi mpaka Limuru? Si mchwa waliolila, wala si maendeleo. Mwaka 1954 na 1955, wakati wa hali ya hatari, watu zaidi ya milioni moja wa mkoa wa kati walitolewa kwenye vilima vyao wakapangwa katika vijiji vyenye mahandaki na walinzi. Nyumba zikabomolewa, ghala za mama zetu zikabomolewa pamoja nazo. Walipokuwa bado kijijini, makonde yakaunganishwa na kupimwa upya, kwa mpango ule wa Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, na huo ndio ulioturuhusu hatimaye kupanda kahawa tuliyokuwa tukimchumia mtu mwingine. Aliyepata kahawa alifurahi, sikatai. Baba yangu alifurahi. Lakini mwanamke aliyekuwa na vikonde vitano, kimoja bondeni cha viazi, kimoja kwenye mteremko cha njahi, kimoja juu cha mtama, akapewa kipande kimoja mahali pamoja, na mbegu iliyokosa mahali pake ikafa. Kwa hiyo mkitaka kuonyesha la kale, muanze na kilichovunjwa na siku kilipovunjwa. Vinginevyo mtoto atadhani tuliacha wenyewe kwa kuchoka.

MWALIMU. Na wanawake hawakunyamaza, Mama. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko waliyokuwa wakilazimishwa.

MZEE. Matuta yenyewe yalikuwa mazuri. Kilichokuwa kibaya ni kiboko.

MAMA. Mzee, ungesema hivyo wakati ule ungalikuwa umepigwa na wanawake.

MZEE. Ningestahili, labda. Lakini sikilizeni, maana nimebadilisha shauri kwa nusu. Hapo Muguga, ukipita Kikuyu kwa njia ya Nakuru, pana benki ya taifa ya mbegu, tangu 1988, na humo zimehifadhiwa katika baridi kali mbegu za mazao yetu, mtama, wimbi, mikunde, kila mfuko na namba yake. Ni kazi adhimu. Hata hivyo, mbegu iliyogandishwa huhifadhi mmea bila kuhifadhi mkulima. Haijui ipandwe mvua ngapi zikishanyesha, wala ipandwe pamoja na nini, wala majivu ya mti gani yaifaayo. Elimu hiyo imo kichwani mwa Mama na rika lake, na kichwa hicho hakina jokofu. Iwapo shamba la Mwalimu litakuwa ni la kuihamisha elimu hiyo, kutoka mkono hadi mkono, mimi nitaleta jembe langu. Iwapo ni la kuvaa ngozi, nitabaki nyumbani nisome gazeti.

BWANA. Na sheria inasemaje? Nilisikia mkulima aweza kufungwa kwa kumpa jirani mbegu.

MZEE. Ndivyo ilivyokuwa. Sheria ya mbegu ya 2012 ilikataza kuuza wala kubadilishana mbegu zisizosajiliwa, na adhabu yake ilikuwa nzito, kifungo na faini. Wakulima wakaenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakiuka katiba.

MAMA. Basi miaka yote hiyo nilikuwa mhalifu bila kujijua, maana kila Machi jirani huja na bakuli.

MWALIMU. Yamebaki mambo mawili, ardhi na muda. Ekari moja ya Mountain View ina thamani ya jengo la ghorofa, na hakuna diwani atakayeitoa kwa ajili ya njahi.

MAMA. Ardhi ipo shuleni. Kila shule ya umma pande hizi, hata ikiwa ndogo, ina ukingo wa ua unaoota magugu. Nasi tulipokuwa wadogo tulikuwa na chama cha 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na kila mtoto alikuwa na tuta lake.

MWALIMU. Kimefufuliwa 2021, na mtaala wa sasa unataka watoto wasome kilimo kwa vitendo. Lakini wengi hupanda sukuma wiki ndani ya magunia, kwa mbegu ya pakiti, na mwalimu mwenyewe hajui zaidi.

MAMA. Basi mniite. Nije Machi kupanda, nije kupalilia mara ya kwanza na ya pili, nije mavunoni, nije kupura na kuchagua mbegu, na mnilipe kila nijapo kama mnavyomlipa fundi wa kompyuta. Watoto wawe ni wale wale mwaka mzima, wasije wengine kila wiki. Mvua ikikataa, waone imekataa. Hiyo ndiyo njaa ya Mzee, wala haitahitaji mwigizaji.

Mjadala ungaliweza kuendelea, maana Bwana alikuwa bado na la kusema juu ya Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam, ambako jamii mbalimbali hualikwa kuja wenyewe kuonyesha vyakula, ngoma na kazi zao, mpango ambao kwa kauli yake una insafu zaidi kuliko kumkodi kijana wa kabila moja aigize la pili. Na Mwalimu hakuwa tayari kuiacha ndoto yake ya mashamba mawili, ambayo mimi pia naipenda, ila naiona ni kazi ya makumbusho ya taifa yenye bajeti na wataalamu wake, si ya kata. Hukumu yangu ni kwamba Mama ana haki: kwa Mountain View na Kangemi, shamba la maonyesho lisianze na nyumba ya nyasi wala mavazi, lianze na mbegu, lidumu mvua zote mbili, na aonyeshaye alipwe ujira wa mwenye elimu. Ghala lisukwe mwaka wa pili, kutakapokuwa na kitu cha kutia ndani yake. Na habari za 1954, pamoja na habari za kipande, zisimuliwe na watu wazima kwa maneno ya kawaida, watoto wakiwa wameketi kando ya matuta yao.

Kwa hiyo nawasihi wakuu wa shule zilizo kandokando ya Waiyaki Way, na walezi wa vyama vya 4-K hususan: masika huingia Machi, na njahi haingoji kamati. Mtafuteni mwanamke mmoja anayejua kuchagua mbegu, kabla Februari haijesha, mkubaliane naye bei, na mumwonyeshe ukingo wa ua.